Ziara ya albamu mpya nje ya Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na bendi za roki

Majibu haya ni ya bendi ya watu wanne hadi sita iliyoko Kampala, Jinja, Mbarara au Gulu, yenye albamu mpya mkononi na nia ya kuvuka mpaka. Ziara huharibika mara chache sana jukwaani. Huharibikia mpakani, kwenye soketi ya umeme na kwenye mkataba ambao haukuandikwa. Ndiyo maana majibu marefu zaidi ni ya karatasi na vifaa. Kanuni moja imetawala yote: karatasi kwanza, tiketi baadaye, na mzigo uwe mdogo kadiri muziki wenu unavyoruhusu.

Albamu itoke lini, na ziara ianze lini?

Acheni wiki nne hadi nane kati ya albamu kutoka na onyesho la kwanza. Mkianza wiki ileile, watu watasimama kimya mbele yenu kwa sababu hawajui nyimbo. Mkikawia miezi sita, promota ataona anauziwa kitu cha zamani.

Mpelekeeni msambazaji, yaani kampuni inayoweka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, faili za albamu angalau wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify, ambayo ilifika Uganda mwaka 2021, inataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla, na msambazaji naye huhitaji siku zake za kukagua. Hakikisheni kila wimbo una namba ya ISRC (namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi) na majina ya watunzi yaliyoandikwa sawasawa. Kosa la herufi moja hapo huonekana baadaye kwenye mirabaha.

Kwa onyesho la dakika 60 hadi 70, nyimbo 12 hadi 14 zinatosha. Tano au sita ziwe mpya. Kupiga albamu yote mwanzo hadi mwisho ni haki ya bendi ambayo mashabiki wamekwisha kuikariri.

Njia ipi inafaa kwa mara ya kwanza?

Mzunguko usiorudia barabara. Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi. Kampala hadi Nairobi, kwa mpaka wa Busia au wa Malaba, ni kama kilomita 650. Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480. Kutoka Mombasa mnavuka Lunga Lunga na Horohoro kuingia Tanga, kisha Dar es Salaam. Kurudi kuna njia mbili: kupitia Dodoma hadi Rusumo na Kigali, halafu Katuna na Mbarara, au kupitia Mwanza na Bukoba hadi Mutukula na Masaka. Hii ya pili imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa kuwa zamani hapo mlisubiri kivuko.

Siku ya safari inayozidi kilomita 400 isiwe siku ya onyesho, hasa ikiwa kuna mpaka katikati. Foleni ya malori Malaba haiwahusu moja kwa moja watu wa basi dogo, lakini hufunga barabara ya kufikia geti. Kwa gari la abiria, Busia mara nyingi huwa na nafuu.

Kumbukeni saa. Uganda, Kenya na Tanzania saa zake ni zilezile. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko nyuma kwa saa nzima. Onyesho la saa moja jioni Kigali ni saa mbili usiku kwa simu ambayo bado inasoma Kampala. Andikeni saa za mahali husika kwenye ratiba, na mseme hivyo juu ya karatasi.

Sisi ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini tuombe kibali?

Kwa sababu kuruhusiwa kuingia na kuruhusiwa kufanya kazi yenye malipo ni mambo mawili. Mganda anaweza kuingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini hilo halimpi ruhusa ya kupanda jukwaa lenye tiketi. Bango la onyesho lenye jina lenu na bei ya kiingilio ni ushahidi tosha, na maofisa nao wana simu.

Mwenye kuomba kibali cha onyesho ni promota wa nchi mnayokwenda. Tanzania, msanii wa kigeni huombewa kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, pamoja na ruhusa ya uhamiaji. Kenya, idara ya uhamiaji hutoa pasi maalumu kwa kazi ya muda mfupi. Mwambieni promota awatumie nakala ya kibali chenyewe. Ujumbe wa WhatsApp unaosema “imeshughulikiwa” haumtoshi ofisa wa mpakani. Mpeni wiki sita: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, picha, na kazi ya kila mtu, akiwemo dereva na fundi sauti.

Hata pale kitambulisho kinapotosha, kila mtu abebe pasipoti yenye angalau miezi sita ya uhai, kwa sababu mkilazimika kubadili njia au kupanda ndege ndiyo itakayowaokoa. Kila mtu awe pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote.

Mkiwa na mpiga kinanda au fundi sauti kutoka nje ya Jumuiya, asitegemee viza ya pamoja ya watalii ya Uganda, Kenya na Rwanda. Humpa siku 90 na kuingia mara nyingi, lakini haimruhusu kufanya kazi.

Forodha watatufanya nini kwa magitaa na ampu?

Hawatafanya lolote baya mkijiandaa, na mtapoteza nusu siku msipojiandaa. Tengenezeni orodha moja ya vifaa vyote: aina, mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho (serial number) iliyochongwa kwenye kifaa, nchi kilikotengenezwa, uzito na thamani kwa dola. Chapisheni nakala sita. Siku ya kutoka, pitieni ofisi ya URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) mpakani au Entebbe ili wagonge muhuri *kabla* hamjavuka. Muhuri huo ndio unaothibitisha mkirudi kwamba vitu vilitoka Uganda na havidaiwi ushuru wa kuingiza.

Upande wa pili, mnaomba uingizaji wa muda. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa vya kazi kuingia bila ushuru ikiwa vitatoka tena, lakini ofisa anaweza kudai dhamana au amana. Kwa magitaa matatu na boksi la pedali jambo hilo huisha kwa maelezo. Kwa lori la spika, tafuteni wakala wa forodha wiki mbili kabla. Kinachokwamisha bendi nyingi ni namba za utambulisho kutolingana: mtu alibadilisha gitaa juzi, orodha ikabaki na la zamani. Kagueni kifaa kwa kifaa usiku wa kuamkia safari.

Halafu kuna mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Bendi hufunga kebo na tisheti kwenye mifuko hiyo kwa mazoea, kisha hulazimika kuvimwaga vitu mpakani. Tumieni mifuko ya nguo au maboksi yenye vifuniko.

Tunapiga engalabi na endongo ndani ya roki. Kuna tatizo?

Lipo, nalo linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa sauti hizo ndizo zinazowatofautisha na bendi elfu nyingine.

Engalabi, ngoma ndefu ya kienyeji, huwambwa ngozi ya kenge, na endongo, ala ya nyuzi ya Baganda, vilevile. Kenge wa Mto Nile yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ngozi yake ikivuka mpaka wa nchi huhitaji kibali, hata ikiwa ni sehemu ya ala ya muziki. Uganda, maombi huelekezwa kwa Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Kwa bendi inayosafiri mara kwa mara ulizeni cheti cha ala za muziki, ambacho hutumika kwa safari nyingi badala ya kuombwa upya kila mara. Bila karatasi hizo ala inaweza kutaifishwa, na hapo hakuna wa kumbembeleza.

Ushauri wetu: kwa safari ya Ulaya au Marekani, acheni engalabi ya kenge nyumbani. Wambeni ya pili kwa ngozi ya mbuzi. Haitatoa ule mlio mkali wa juu, ila maiki iliyowekwa sentimita 8 hadi 10 kutoka ukingoni, na kupunguza kidogo masafa ya 250 Hz kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), hurudisha sehemu kubwa ya ukali huo.

Magitaa nayo yaangaliwe. Mbao ya rosewood ya Brazil iko Kiambatisho cha I, kwa hiyo gitaa la zamani la thamani lisisafiri bila kibali. Aina nyingine za rosewood kwenye ala zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo Novemba 2019.

Tubebe nini, tukodi nini?

Bebeni kile ambacho mkono wako umekizoea na kinachobadilisha sauti yenu: magitaa, besi, pedali, sneya, matoazi, pedali ya dramu kubwa, kiti cha mpiga dramu kama mgongo wake unakidai. Vilivyobaki, yaani dramu kubwa na tomu, ampu, stendi na spika, mkodishe huko. Gharama ya kubeba kabineti ya spika nne kilomita elfu tatu hupita kodi yake ya usiku mmoja, tena hufika imelegea skrubu.

Kwa maonyesho kumi, akiba inayotosha ni hii: seti nane za nyuzi kwa kila gitaa la umeme, seti mbili za besi, jozi 12 za fimbo za dramu, ngozi mbili za sneya, betri kumi za volti 9, fyuzi kumi za kila aina inayotumika kwenye vifaa vyenu, kebo nne za ziada za gitaa, na bomba la solda lenye waya wake. Mombasa, Dar na Zanzibar hewa ni ya chumvi na unyevu: nyuzi hushika kutu siku ya pili na shingo ya gitaa hujipinda kidogo. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na msirekebishe fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo hadi gitaa limekaa mahali hapo siku nzima.

Umeme ndio unaotutisha. Tufanye nini?

Fundi wenu awe na mita ya umeme, na apime kila soketi kabla kitu chochote hakijachomekwa. Uganda, Kenya na Tanzania zote zinatumia 50 Hz, na plagi ya pini tatu za pembe nne. Volti ikisomeka kati ya 220 na 250, endeleeni. Ikishuka chini ya 210 ampu za valvu hupoteza nguvu, na mikisa ya kidijitali inaweza kujizima na kuanza upya katikati ya wimbo. Hapo stebilaiza si anasa.

Rwanda na Burundi hutumia pini za mviringo. Chukueni adapta zenye waya wa ardhi. Adapta nyembamba ya pini mbili itawasha ampu, lakini itaacha mngurumo kwenye spika, na mwimbaji anayeshika gitaa huku mdomo ukigusa maiki anaweza kupigwa shoti. Kamwe msikate pini ya ardhi ili kuua mngurumo. Mngurumo unaotokana na njia mbili za ardhi huondolewa kwa swichi ya kutenganisha ardhi kwenye kiboksi cha DI (kinachounganisha ala na mikisa), na kwa kuhakikisha vifaa vyote vya sauti vinakula umeme kutoka fezi moja. Taa zipewe fezi yake.

Ampu iliyonunuliwa Marekani kwa volti 120 ikichomekwa huku itaunguza fyuzi kama mna bahati, au transfoma yake kama hamna. Inataka transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya matumizi yake: ampu inayokula wati 300, tafuta ya VA 500 kwenda juu.

Jenereta iwashwe nusu saa kabla ya kujaribu sauti. Iwe na uwezo wa mzigo wote ukiongeza nusu, na mtu wa kuitia mafuta ajulikane kwa jina. Jenereta nyingi huzimika kwa sababu kila mtu alidhani mwingine ameangalia tangi.

Maiki zisizo na waya?

Nunueni seti inayofanya kazi chini ya 694 MHz. Juu ya hapo mitandao ya simu imechukua nafasi sehemu nyingi, na mtapata mikwaruzo. Maiki moja yenye waya ikae jukwaani siku zote, tayari.

Kwa gari letu wenyewe, dereva ahitaji nini?

Kitabu cha umiliki cha asili, barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye gari ikiwa hayumo safarini, leseni, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo na Tanzania zinaipokea. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini huendesha kulia. Mabadiliko hayo hufanyika palepale mpakani, mara nyingi dereva akiwa amechoka. Wekeni dereva wa pili kwa kila safari ya zaidi ya saa nane, na msisafiri usiku baada ya onyesho. Hili halina mjadala kwetu.

Na kwa ndege kutoka Entebbe?

Mzigo wa kilo 23 kwa kipande ndio wa kawaida, na kipande kisizidi kilo 32 hata mkilipia. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki hukaa kwenye mkoba wa mkononi. Hadi wati-saa (Wh) 100 hazina shida, kati ya 100 na 160 ombeni idhini ya shirika. Gitaa lenye kichwa kilichoinama nyuma huvunjika shingoni sanduku linapoanguka chali. Jazeni nguo chini ya shingo na pande zote za kichwa, kisitikisike hata kidogo.

Uganda haimo kwenye mfumo wa karneti ya ATA (hati ya kimataifa ya kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru), kwa hiyo orodha yenu yenye muhuri wa URA ndiyo silaha. Umoja wa Ulaya unaruhusu msafiri kuingia na ala za muziki za kubebeka za kazi yake kwa uingizaji wa muda bila makaratasi mazito.

Viza za Ulaya, Uingereza na Marekani?

Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja: siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla, na si chini ya siku 15. Uamuzi wa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Omba kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, ile mtakayoingia kwanza. Ruhusa ya kufanya kazi ni suala la kila nchi peke yake, kwa hiyo ulizeni kila promota.

Uingereza, onyesho moja au machache yaliyopangwa kabla ya safari yanaweza kufanyika kwa viza ya kawaida ya mgeni, yakikamilika ndani ya siku 30 za kuingia. Ziara ndefu huhitaji mwajiri anayetoa cheti cha udhamini.

Marekani, viza ya B1/B2 haifai kwa onyesho la kulipwa. Maombi ya kundi hufanywa na mwajiri au wakala wa huko kwa fomu I-129. Aina ya P-1 hutaka kundi linalotambulika kimataifa, na robo tatu ya wanachama wawe pamoja angalau mwaka mmoja. Msibadilishe mpiga besi katikati ya maombi.

Mkataba useme nini?

Malipo ya uhakika au mgawanyo wa mapato ya mlangoni, na ikiwa ni mgawanyo, gharama zipi zinatolewa kwanza na kwa kikomo gani. Nusu ya fedha ifike kabla hamjanunua mafuta ya safari. Nusu iliyobaki kabla ya kupanda jukwaani. Andikeni pia nani analipia vibali, malazi, chakula, fundi sauti na jenereta. Na nini kitatokea promota akifuta onyesho zikiwa zimebaki siku 14.

Ambatisheni ramani ya jukwaa na orodha ya chaneli. Bendi ya gitaa mbili yenye engalabi na endongo hutoshea chaneli 16: dramu saba, besi moja, magitaa mawili, waimbaji watatu, engalabi, endongo, na moja ya akiba.

Tisheti na sidii tuvivushe?

Bidhaa za kuuza si vifaa vya kazi, ni biashara. Utaratibu rahisi wa Jumuiya hupunguza ushuru kwa shehena isiyozidi dola 2,000, lakini kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Tisheti ya ng’ambo iliyochapwa Kampala huzua mabishano. Tumeni faili ya mchoro, zichapwe Nairobi au Dar.

Siku ya onyesho iende vipi?

Kufika saa saba mchana, umeme kupimwa saa saba na nusu, vifaa kupangwa hadi saa tisa, kisha kujaribu sauti kwa mpangilio huu: dramu, besi, magitaa, ala za kienyeji, waimbaji, mwisho bendi nzima kwa wimbo wenye kelele zaidi na ule wa utulivu zaidi. Ampu za magitaa zisielekezwe kwenye maiki ya mwimbaji. Sauti zikivurugana ukumbini kama matope, punguzeni ampu kabla ya kumlaumu fundi.

Mbele ya mashabiki wa Dar na Mombasa, ongeeni Kiswahili, hata cha Kampala. Wanapenda kusemeshwa.

Kodi na mirabaha?

Kodi ya msanii mgeni hukatwa mahali onyesho linapofanyika. Uganda humkata asiyekuwa mkazi asilimia 15, Uingereza kiwango ni 20, Marekani 30. Ombeni cheti cha kodi iliyokatwa kwa kila onyesho, kwa sababu bila hicho URA haiwezi kuwapunguzia nyumbani. Uganda ina mikataba ya kuepuka kodi mara mbili na nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Uholanzi, India, Afrika Kusini na Zambia, lakini msitarajie ifute kodi ya jukwaani: kwa kawaida mikataba ya aina hiyo huiachia nchi ya onyesho haki ya kuwatoza wasanii.

Mirabaha ya utunzi hudaiwa kupitia UPRS, chama cha haki za watunzi wa muziki Uganda, ambayo hushirikiana na vyama vya nchi nyingine. Kwa kila onyesho, mtu mmoja aandike jina la ukumbi, tarehe, jina la promota na nyimbo zote zilizopigwa pamoja na watunzi wake, aipige picha karatasi hiyo usiku huohuo, na aitume mkirudi.